Zambarau ya Mteja

Risasi ya kwanza ilipita juu ya helmeti ikavunja kioo cha duka la simu.

Ya pili haijulikani ilikokwenda mpaka leo.

Elieth Ruhoro hakuinama. Alipiga gia, akavuta mafuta, na pikipiki yake ya Boxer ikanguruma katikati ya Kasulu asubuhi ile wakati akina mama wa sokoni ndio kwanza wanatandika maharage na samaki wa migebuka chini.

"Weee! Mtatuua!" mama mmoja alipiga kelele, akakumbatia debe lake.

Mbele kulikuwa na TVS nyekundu. Juu yake alikaa mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua, bastola mkono wa kulia, na mgongoni amefunga bomba la plastiki jeusi kama yale ya kubebea ramani za ujenzi. Elieth hakuwa na haja na mwanamume. Alikuwa na haja na bomba.

TVS ilikata kona kuelekea chuo cha ualimu. Boxer ikakata nayo.

Wanachuo wakatawanyika.

Mwanamume akageuza shingo apige risasi ya tatu. Hapo ndipo alipojimaliza. Jamani, uko juu ya pikipiki, spidi ya kichaa, unageuka nyuma kutafuta nini? Fuso la matofali lilikuwa limesimama barabarani likishusha mzigo, na yeye akalivaa kwa kifua.

Sauti ya shingo ikivunjika ilisikika hadi kwa wapakuaji.

Elieth aliegesha, akakata mkanda wa bomba kwa kisu, akachukua bastola na simu ya marehemu. Watu walishaanza kujaa.

"Amekufa, dada?"

"Amekufa. Msimguse mpaka polisi waje."

Akaondoka kabla hajaulizwa jingine.

Nyuma ya kituo cha mafuta alifungua bomba. Ndani kulikuwa na karatasi moja ngumu, imekunjwa mviringo. Maboksi manane yalikuwa yamechapwa juu yake yakiwa bado hayajakatwa, meupe, kila moja na ufito mpana wa zambarau na jina la sindano ya malaria kali. Pembeni zilikuwepo alama za msalaba za kulandanishia rangi, na ukingoni vile vibanda vidogo vya kupimia wino: sayani, majenta, manjano, nyeusi, na cha tano zambarau.

Chini, kwa peni: *Sawa. Chapa.* Na saini.

Akatoa Thuraya, simu yake ya setilaiti.

"Mnara, Kunguru hapa."

"Sema, Kunguru." Alikuwa Yusuph, bosi wake, yuko Dodoma na chai yake.

"Mjumbe amelala. Prufu ninayo."

"Imesainiwa?"

"Imesainiwa."

"Basi Mteja itambidi aende mwenyewe mashineni."

"Hana ujanja. Kesho mzigo unavuka mpaka."

"Kunguru, polisi niwasogeze?"

"Wabaki Kasulu mpaka nikwambie. Gari moja la polisi likionekana kule, yule mama waliyemshika mateka anachinjwa."

Akakata.

Ukitaka kuelewa kwa nini karatasi moja iliua mtu asubuhi ile, ingia kiwanda chochote cha uchapaji, hata kile kibanda kinachopiga kadi za harusi. Utakuta sheria moja. Mteja asiposaini prufu, ile karatasi ya majaribio, mashine haiendi. Karatasi iliyosainiwa inatundikwa juu ya mashine, na kila dakika chache fundi analinganisha. Rangi ikizua ugomvi, fundi anaonyesha saini. Bila saini, hasara ni yake.

Na mteja huyu hakuwa wa kutumiwa picha kwa simu. Alijua simu ni muongo wa rangi. Kioo hiki kinatia wekundu, kile kinatia ubuluu. Alikuwa amesimamia uchapaji wa maboksi ya dawa nchi za watu kwa miaka kabla hajaharibika. Aliamini jicho lake na jua, basi.

Kwenye faili la Idara ya Usalama jina lake lilikuwa Veronica. Watu wake walimwita Mteja. Aliishi Kumsenga, upande wa Kibondo, ndani ya ukuta mrefu karibu na mpaka, na hakutoka. Biashara yake ilikuwa maji ya chumvi. Anayatia kwenye vichupa, vichupa anavitia kwenye boksi la sindano ya malaria, na mtoto wa mtu anachomwa maji huku mama yake anashukuru Mungu.

Maboksi yake ya zamani yalikuwa na kasoro moja. Zambarau yake ilitengenezwa kwa vidoti vya bluu na vyekundu vilivyochanganywa. Kwa macho huoni kitu, ila ukiweka lupu, ile lenzi ndogo ya wachapaji, vidoti vinajianika. Boksi halali lina wino wa zambarau wenyewe, mmoja, mzito. Idara ilikuwa inawakamata kwa vidoti hivyo. Safari hii Mteja alikuwa amenunua wino wenyewe. Toleo hili lingetoka, hata lupu isingesaidia mtu.

Wino ndio uliomchongea. Nani Kasulu anahitaji ndoo nzima ya wino wa zambarau? Elieth, ambaye kabla ya kupewa bastola alikuwa kitengo cha kukagua pasipoti za kughushi, aliwekwa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya uchapaji. Akauza wino na kusubiri. Wiki hii fundi akaja.

Aliitwa Trésor. Mkongomani wa Bukavu, mkimbizi wa Nyarugusu, fundi wa mashine za uchapaji za ofseti aliyekuwa akipiga mabango ya mashirika pale kambini. Nyuma yake mlangoni alisimama pande la mtu liitwalo Nsabimana, mkono ndani ya koti. Trésor aliinamia ndoo kama anayenusa wino.

"Mama," alinong'ona, "bibi yangu Marguerite, muke yangu, iko kwao. Kumsenga. Mimi niko natumika Kitanga, kwa godauni. Prufu nilishaipiga na kopo ndogo ya wino, wanaipeleka kwake asaini. Ikirudi tu nitapiga kazi yote. Nikimaliza, watatuua sisi wote mbili."

"Prufu haitarudi. Nitahakikisha. Atalazimika kuja kusaini pale kwenye mashine. Unaweza kumchelewesha kwa rangi?"

Trésor alifikiri kidogo tu.

"Violet? Hiyo ni rangi ya kiburi. Tone moja ya bleu, inaanguka huku. Tone moja ya rouge, nyekundu ile, inaanguka kule. Naweza kumuchelewesha mpaka jua ilale."

"Rangi ikiwa mbaya anaitazamia wapi?"

"Kwa dirisha. Anaitupa. Ikiwa ya muzuri, anaipeleka inje, kwa jua, ndipo anasaini. Pale anabakia peke yake, Nsabimana anachunga mimi."

"Basi mpe mbaya. Nikishamtoa mkeo nitakuja. Utasikia honi ya pikipiki mara mbili nje ya ukuta. Hapo mpe zambarau yake."

"Na kama sisikii?"

"Utasikia."

Nsabimana alikohoa. Trésor akabeba ndoo yake. Elieth alibaki anajilaumu, maana katika kazi ile kuahidi mtu ni ujinga, na yeye alikuwa ameahidi.

* * *

Prado nyeupe ilitoka Kumsenga jua likiwa limeshachoma.

Elieth aliiona akiwa amelala kifudifudi kwenye mihogo. Kioo cha nyuma kilikuwa chini. Mteja mwenyewe: mwanamke mdogo wa umbo, kilemba cha kitenge, miwani ya mnyororo shingoni. Dereva wake alibeba bunduki mapajani. Prado ikapotea na vumbi lake.

Ndani walibaki walinzi wawili.

Aliruka ukuta upande wa jikoni. Mlinzi wa kwanza alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga, SMG imeegemezwa magotini. Alinyanyua kichwa. Alinyanyua na bunduki pia.

Glock yenye kiziba-sauti ilikohoa mara mbili.

Karanga zikamwagika. Mtu yule alijaribu kusimama, akashindwa, akamrukia Elieth miguuni na kumwangusha. Alikuwa na nguvu za kufa. Vidole vyake vilimfikia kooni, vikabana. Elieth alimpiga goti, akapiga tena, akachomoa kisu cha buti na kumzamisha chini ya kwapa mpaka mpini. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Elieth akamsukuma pembeni, akatapika mate, akasimama.

Mlinzi wa pili alitokea mlangoni.

Hakuwa na bunduki. Alikuwa na beseni la maji na kitambaa.

"Usiniue, mama!" Beseni lilianguka. "Naitwa Mudathiri. Usiniue, huyu mwanamke ndani anakufa!"

Elieth alimsukuma mbele yake kwa mtutu.

Marguerite alilala kwenye mkeka, macho nusu wazi, hayaoni. Mwili ulikuwa unaunguza. Elieth alimwita jina, akamfinya ndewe ya sikio. Hakuna. Kando ya mkeka kulikuwa na bomba la sindano, vichupa vitupu, na boksi jeupe lenye ufito wa zambarau.

"Nani amemchoma hii?"

"Mimi. Jana, na leo alfajiri. Niliona homa imempanda kichwani, nikasema nisimwache afe. Humu maboksi yamejaa."

"Unajua ndani kuna nini?"

"Dawa."

"Dawa!"

"Imeandikwa, mama. Sisi tunapakia tu, tunaambiwa ni ya magendo, haijalipiwa ushuru. Tazama boksi lenyewe lilivyo zuri. Lina mpaka tarehe."

Elieth alimtandika kitako cha bastola shavuni. Hakikuwa kitu cha kijasusi. Alikuwa na hasira, akampiga. Mudathiri alianguka, akatema jino, akabaki chini anamwangalia Marguerite.

"Ni maji?" aliuliza.

"Ni maji na chumvi."

"Ee Mungu wangu." Na yule mwanamume mzima akaanza kulia.

"Utalia baadaye. Mbebe."

Walipanda mshikaki. Elieth mbele, Marguerite katikati kichwa kikining'inia, Mudathiri nyuma akimkumbatia asidondoke, mkono wake mmoja umefungwa pingu kwenye keria. Boxer ililalamika, ikaenda. Mtu angewaona angedhani ni familia inapeleka mgonjwa, na hakuwa mbali sana na ukweli.

Zahanati ilikuwa ya mtu binafsi, vyumba viwili na bati. Elieth alimfungua Mudathiri amwingize mgonjwa ndani. Muuguzi aliitwa Zena, Mmakonde aliyetoka kusini kufuata ajira, mwenye ulimi mkali.

"Mmemleta saa hizi? Mlikuwa mnasubiri nini, maiti?"

"Una sindano ya malaria kali?"

"Ninazo." Alitoa maboksi mawili kabatini. "Moja nimepokea kwa utaratibu. Moja aliacha mfanyabiashara, akasema msaada. Nikayapanga pamoja."

"Lipi ni lipi?"

Zena alitazama. Akageuza. Uso ukambadilika. "Dada, yako sawasawa."

Yalikuwa sawasawa kweli. Meupe, ufito wa zambarau, maandishi yale yale. Kwenye kitanda Marguerite alianza kutetemeka, meno yakigongana, povu pembeni ya mdomo.

"Degedege," Zena alisema. "Chagua, dada. Chagua haraka!"

Elieth alinyakua yote mawili akatoka nje juani. Akatoa lupu mfukoni, kidude kidogo kama kofia ya chupa, akakibandika kwenye boksi la kwanza na jicho juu yake.

Jasho liliingia jichoni. Akalifuta. Akatazama tena.

Vidoti. Bluu, vyekundu, bluu, vyekundu.

Boksi la pili. Zambarau tupu, imelala kimya, haina hata tundu.

"Hili! Hilo jingine usimguse nalo mtu."

"Una uhakika?"

"Choma!"

Zena alichoma. Akatundika na dripu ya glukosi, akiapiza chini chini. Hapo hapo simu ya Mudathiri ikaita mfukoni mwake. Akaichomoa, wote watatu wakaitazama.

*Mteja.*

Elieth aliweka mtutu sikioni mwa Mudathiri. "Spika. Sauti ya kawaida."

"Mwanangu." Sauti ilikuwa laini, ya bibi anayeita wajukuu wakale. "Yule mama yupo?"

"Yupo, Madam."

"Fundi wangu hapa ananichezea. Huenda nikataka mumsikilizishe sauti ya mkewe. Kelele zake, hasa. Uwe karibu na simu."

Mudathiri alimtazama Marguerite. Kusema neno moja tu, *Madam, tumevamiwa*, kungemrudisha upande wa mwenye nguvu.

"Ego, ndiyo, Madam," alisema. "Niko karibu."

Simu ikakata.

Elieth aliondoa mtutu, akamfunga Mudathiri pingu kwenye mguu wa kitanda. Akampa Zena namba yake kwenye kipande cha plasta. "Akifumbua macho, nipigie. Akiweza kusema, mpe simu."

"Na asipofumbua?"

Elieth alikuwa ameshawasha pikipiki.

* * *

Kitanga, ndani ya godauni lililokuwa la tumbaku, mashine ya uchapaji, Heidelberg, ilikuwa inapumua.

Trésor alichomoa karatasi, akaiweka mezani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama andazi. Vidole viwili vilielekea pasipo kuelekea.

Veronica hakuigusa bado. Wino mbichi hudanganya, unang'aa kuliko ukishakauka, na yeye hakuwa mwanamke wa kudanganywa na wino. Alisubiri, akasafisha miwani kwa kitenge, akauliza kama kambini mvua zimenyesha. Ilipokauka akaipeleka dirishani.

"Imelala kwenye bluu, mwanangu."

"Mashine imezeeka, Mama. Mpira ya blanketi imekwisha."

"Prufu niliyoisaini jana ilikuwa nzuri. Mashine ni hii hii." Aliiacha karatasi ianguke. "Nsabimana."

Nsabimana alikuwa na spana ya kukazia pleti, yale mabati ya alumini yanayobeba picha. Alikamata kidole cha tatu, akakilaza ukingoni mwa meza, akashusha spana.

Trésor alipiga yowe hadi sauti ikakatika.

"Mkono wa kulia siugusi," Veronica alisema. "Wa kulia ni wa kazi. Rudia."

Alirudia. Alipunguza bluu, akazidisha wekundu. Alijua anachofanya, kila tone alilotia aliliona litakavyokuwa, na alijua kidole kipi kitalipia. Kati ya karatasi na karatasi alisikiliza ukuta. Alisikia mbuzi. Alisikia watu wakipita na majembe. Honi hakuisikia.

"Imelala kwenye wekundu."

Kidole cha nne.

Safari hii Trésor alianguka. Nsabimana akammwagia maji ya mashine usoni, akamsimamisha kwa kola.

Veronica alivua miwani.

"Wewe unaijua hii rangi," alisema. "Fundi asiyejua hukosea ovyo. Wewe unakosea kwa mpangilio, mara huku, mara kule, na kila mara kidogo tu. Unasubiri nini?"

Trésor alifuta maji usoni.

"Basi tumsikie mkeo."

Akatoa simu.

Nje ya ukuta honi ya pikipiki ililia. Mara mbili.

Trésor alifunga macho. Machozi yakatoka yenyewe.

"Mama, muache bibi yangu," alisema. "Minakuomba. Nitaipata. Hii moja, nitaipata."

Kidole cha Veronica kilisimama juu ya simu. Kwake kilio kile kilikuwa cha mtu aliyevunjika, na alikwishavunja wengi. Akairudisha simu mkobani.

"Ipate."

Trésor aliinamia rola. Hakuchanganya kitu, alifuta tu alichokuwa amekiharibu, akarudisha wino safi, akaachia mashine. Karatasi ikatoka. Hata Nsabimana, ambaye hakujua rangi wala hakuwa na haja nazo, alisogea kuangalia.

Veronica alisubiri ikauke. Akaipeleka dirishani. Safari hii hakuitupa. Akaishika kwa ncha za vidole, akafungua mlango, akatoka nayo juani.

Nje, dereva wa Prado hakuwepo tena duniani. Alikuwa ameketi kwenye usukani, waya umemkata shingo, kofia imeshushwa usoni kama aliyesinzia. Veronica alimpita bila kumtazama. Alisimama katikati ya uwanja, akavaa miwani, akanyanyua karatasi.

"Hii ndiyo," alisema peke yake. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Akachomoa peni.

"Weka chini, Mteja."

Elieth alikuwa nyuma ya tairi la Prado, Glock mikono miwili.

Veronica aligeuka taratibu, karatasi bado kifuani. "Wewe ndiye wa dukani. Uliyemuuzia wino." Alitabasamu. "Tazama kwanza, mwanangu. Hata kama unaniua, tazama. Umewahi kuona kazi kama hii?"

"Naiona. Chini."

"Hutaitofautisha. Hakuna atakayeitofautisha."

Karatasi ililipuka katikati. Nyuma yake, wakati akiongea, alikuwa amechomoa bastola ndogo kiunoni. Risasi ilimchana Elieth mkono wa juu, ikamzungusha nusu.

Naye akapiga. Moja kifuani. Moja kwenye miwani.

Veronica aliketi chini kwanza, kama aliyechoka, kisha akalala. Peni ilibingiria. Karatasi ilimfunika tumbo na damu ikaanza kuipanda.

Ndani kukatokea mlio wa SMG, mfululizo, bati likatobolewa juu. Halafu yowe ambalo halikuwa la Trésor.

Elieth aliingia kwa kubingiria.

Nsabimana alikuwa amegeukia mlango aliposikia bastola, na Trésor, kwa ule mkono mzima aliobakiziwa, alimsukuma begani kwa nguvu zote. Kifuniko cha rola kilikuwa kimeachwa wazi. Mashine ilidaka koti, ikadaka mkono, ikaendelea kuzunguka. Ilimvuta hadi kwenye kiwiko. Mifupa ilisikika. Wino wa zambarau na damu vilimrukia usoni, na bado pande lile la mtu lilikuwa linapapasa chini kutafuta bunduki kwa mkono wa pili.

Lilikuwa limeipata.

Elieth alimpiga risasi kichwani.

Trésor alibonyeza kitufe chekundu. Heidelberg ikasimama.

Matone yakaendelea kudondoka.

"Bibi yangu iko wapi?" Trésor aliuliza.

"Zahanati. Kumsenga."

"Anapumua?"

Elieth angeweza kudanganya. Alidanganya kwa mshahara, kila siku. "Nilipomwacha alikuwa anapumua. Ana malaria imepanda kichwani. Mlinzi alimchoma ya maboksi yao, akiamini ni dawa."

Trésor alitazama rundo la karatasi mezani.

"Boksi yangu?"

"Siyo. Ya zamani."

"Ya zamani." Aliketi sakafuni. "Na mimi nilikuwa nafanya moja ya muzuri kupita ile. Mama, kama ulikuta boksi ni yangu, ungeijua?"

"Hapana," Elieth alisema. "Nisingeijua."

Trésor alilia kwa sauti, bila aibu, mkono uliovunjika ameuweka pajani kama mtoto mchanga. Elieth alichukua kisu akazichana pleti zote, moja baada ya nyingine, kwa hasira, hadi alumini ikapinda. Akamwaga ndoo ya wino nje mchangani. Akajifunga mkono kwa kitambaa cha kufutia mashine. Thuraya ikaita.

"Kunguru. Mteja?"

"Amelala. Na wawili wake huku. Mmoja Kumsenga, na mmoja hai, yuko pale zahanati kwa pingu. Huyo mpelekeeni polisi, lakini msimpige. Nimeshampiga."

"Toleo?"

"Halikutoka."

"Fundi?"

"Hai. Vidole vinne vimekwenda."

"Na mkewe?"

Elieth alimtazama Trésor. "Tunasubiri."

Walisubiri. Jua liliingia mlangoni likawafikia miguuni. Nzi walishaanza kumpata Nsabimana. Simu ya Elieth ilikuwa juu ya meza ya prufu, na wote wawili walikuwa wanaitazama na kujifanya hawaitazami.

Ikaita.

"Dada," ilikuwa sauti ya Zena, na haikuwa na ukali wowote, "kuna mtu hapa anasumbua anataka mume wake."

Trésor alinyoosha mikono yote miwili. Wa kushoto haukuweza kushika, wa kulia ulikuwa umelowa wino, ukaiangusha simu. Elieth aliiokota, akapiga goti, akamshikia sikioni.

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Kisha sauti nyembamba, kavu, ya mtu aliyerudi kutoka mbali.

"Trésor? Ulishakula?"

Trésor alitazama vidole vyake. Alitazama mashine na kilichokuwa ndani yake.

"Nilishakula, chérie," alisema. "Nilishakula mingi. Wewe lala."

Elieth aliendelea kumshikia simu, damu ikimshuka hadi kwenye kiwiko, mpaka walipomaliza kuongea. Halafu akaifuta, akaitia mfukoni, akaenda kuwasha pikipiki.